Mke Mwenza wa Dirishani

Mume wangu alipouleta ule mmea nyumbani, nilimwambia sikuolewa ili nije kukaa na mke mwenza. Alicheka. Alikuwa ametoka semina Arusha, na badala ya kuniletea kitenge kama wanaume wengine wakisafiri, aliniletea kipande cha shina chenye jani moja, kimetumbukizwa kwenye chupa ya soda iliyokatwa shingo. Jani lenyewe lilikuwa nusu kijani, nusu jeupe, utafikiri fundi rangi aliitwa kula akaacha kazi katikati. Nilimuuliza kama huyo aliyempa alimpa kweli au alikuwa anatupa takataka. Akasema watu wanautafuta mmea huo mpaka nje ya nchi na hawaupati, na kwamba tafadhali nisiuguse.

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Nilijua atauchoka kabla ya mvua. Hakuuchoka. Aliuweka sebuleni kwetu Mwisenge, mjini Musoma, kando ya dirisha lenye pazia la wavu, kwa sababu jua likipiga moja kwa moja kwenye sehemu nyeupe linaiunguza, na gizani nako haukui. Alichanganya udongo wake mwenyewe: mchanga, samadi iliyooza, vipande vya mkaa, pumba za mpunga. Akasimamisha mti katikati ya ndoo, akauzungushia gunia la katani ili mmea upate pa kupandia, na kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alililowesha lile gunia kwa chupa ya kupulizia. Mizizi ikatoka kwenye shina na kulishika gunia. Majani yakaja makubwa, yenye matundu, ya chini ya kijani, ya juu kila moja na weupe wake. Jingine lilikuwa na michirizi, jingine limegawanyika katikati, na mara moja moja likatoka jeupe lote. Wadudu wa ziwani wakiingia jioni na kuganda kwenye yale meupe, aliyafuta moja moja kwa kitambaa kibichi. Nilimwambia viatu vyake havijawahi kupata bahati hiyo.

Jambo moja alinifundisha, nami nililisikiliza kwa sikio moja huku nikipiga pasi. Jani jeupe, alisema, halijipikii chakula. La kijani ndilo linalopika, jeupe linakula tu. Ukiuacha mmea ujiamulie, utachoka kuwalisha wasiofanya kazi, utatoa chipukizi la kijani tupu lenye nguvu na haraka, na baada ya muda weupe utakwisha kabisa na hautarudi. Kwa hiyo mwenye mmea lazima akate kijani. Anashuka na shina mpaka pale lilipobaki na mchirizi mweupe, anakata juu yake, kisha anasubiri. Nilimjibu kwamba hayo ni mambo ya watu wenye nafasi. Mimi ni fundi cherehani, na kwangu kitambaa kibovu ndicho kinachokatwa, kizuri kinabaki.

Kisha yeye mwenyewe akaanza kuumwa. Figo. Ikawa ni kwenda Mwanza kusafishwa damu na kurudi, kwenda na kurudi, na kila akirudi alikuwa amepungukiwa na kitu. Aliacha kazi. Mimi nilikuwa kibandani kwangu barabarani na cherehani yangu tangu asubuhi mpaka jioni, na yeye alikuwa sebuleni kwenye kiti, kando ya mmea wake. Nikija mchana kumpa chakula nilikuwa namkuta anaongea na mama yake kwenye simu, maongezi marefu, kwa lugha ya kwao Guta. Mimi kwetu ni upande wa Butiama. Lugha yao naisikia nusunusu, na kwa uchovu niliokuwa nao sikuhangaika hata na hiyo nusu.

Mama yake alikuja kumwona mara moja tu mwaka ule, ameshikwa mkono na mpwa wake. Alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, kwa miaka mingi, na alitembea kwa kupapasa na kwa mazoea. Alikaa karibu na mwanawe, akamshika uso kwa viganja viwili kama alivyozoea kutusalimia sote, akasema, "Umenenepa, mwanangu. Mjini kunakupenda." Ulikuwa uvimbe wa figo. Mume wangu alinitazama ninyamaze. Nikanyamaza, mama akarudi Guta na furaha yake, akawaambia majirani mwanawe ana afya.

Tulimzika Guta, nyumbani kwao, wilaya ya Bunda. Baada ya matanga ukoo ulikaa kugawa vitu vya marehemu kama ilivyo desturi. Koti lilikwenda kwa mama yake, baiskeli kwa mdogo wake, viatu kwa binamu ambaye havikumtosha lakini alivichukua hivyo hivyo. Waliokuja Mwisenge kubeba vilivyobaki walipita mbele ya mmea wakienda na kurudi, mmoja akausogeza kwa mguu apate njia, na hakuna aliyeuliza habari zake. Mmea wa sebuleni si mali. Nilibaki nao.

Sijui kama naweza kueleza hofu niliyoishi nayo baada ya hapo. Shati lake moja waliloniachia lilikuwa kabatini na lingekaa hapo hata miaka kumi. Ila mmea ulikuwa hai, kwa maana hiyo ulikuwa unaweza kufa, na mimi nilishauguza mpaka mwisho mara moja. Niliutia maji mengi, jani moja likaoza kikonyo. Nikapunguza, ncha za majani meupe zikakauka zikawa kahawia. Nikausogeza dirishani, nikaurudisha, nikausogeza tena. Mgeni mmoja, mteja wangu wa Buhare, aliniuliza huo mti umepigwa na nini, nikamjibu kwa ukali mpaka akahamishia nguo zake kwa fundi mwingine. Sikumfuata. Jani jipya lilipofunguka, nusu yake nyeupe kabisa, nililia nimesimama na futi ya kupimia shingoni. Mwenyewe alikuwa chini ya udongo wa Guta, na kitu alichokianza kilikuwa bado kinafanya kile alichotaka kifanye. Ule weupe ndio niliokuwa naulinda. Kijani kipo kila mahali, mvua zikinyesha mkoa mzima wa Mara ni kijani.

Ndipo mama mkwe wangu akaja kwangu kwa ajili ya macho. Madaktari wa macho walikuwa wanapokea wagonjwa hospitalini, wanawe wengine walikuwa bado wanajadiliana nani ampeleke, na mimi sina subira na vikao. Nilikwenda Guta nikamchukua. Mama mkwe na mkamwana chini ya paa moja ni mtihani hata kwa watu wa sala, lakini sisi tulielewana, kwa masharti ambayo hakuna aliyeyatamka: hatukumtaja marehemu. Tangu siku ya mazishi sikuwahi kumsikia akisema jina lake. Nami sikulisema.

Bandeji zilipotolewa, muuguzi alimwonyesha vidole na kumuuliza ni vingapi. Mama hakumjali. Alinitazama mimi kwa muda mrefu, akasema, "Ni wewe? Mbona umezeeka hivi?" Nilicheka mpaka nikaombwa nitoke nje. Nilikuwa na furaha ya kweli siku hiyo, na nadhani yeye pia.

Macho hayana pazia. Siku zilizofuata aliona kila kitu nyumbani kwangu: utando wa buibui pembeni mwa dari, masizi kwenye sufuria niliyodhani ni safi, na mshono uliokwenda mrama kwenye gauni nililomshonea mwenyewe na ambalo kwa miaka yote alikuwa akilipapasa na kulisifu. Alichambua mchele akatoa mawe mpaka nikaona aibu kwa yote tuliyokwisha kula. Nilikuwa namtania kwamba nitamrudisha kwa daktari ampunguzie kidogo.

Kisha akasimama mbele ya picha ya mwanawe ukutani. Ni picha ya mwaka wake wa mwisho, ameketi kwenye kile kiti chake, macho yamezama kwenye uso ulioumuka. Mama aliitazama, akaisogelea, akarudi nyuma, akaisogelea tena. Nilikuwa jikoni na nilimwona kupitia mlangoni. Niliacha nilichokuwa nakifanya nikaenda kusimama naye.

"Kumbe alikuwa amevimba hivi," alisema. "Mimi nilimshika mashavu nikasema amenenepa. Mtu anakufa, mimi namsifu unene. Ningekuwa na macho haya, ningeona."

Nilimwambia isingebadilisha kitu, kwamba madaktari wenyewe waliona na bado hawakuweza. Siku hiyo hakula, na kesho yake alikula kidogo tu. Nilijilaumu kwa kutokuiondoa ile picha, ingawa ningeiondoa angeiulizia.

Ilikuwa wiki hiyo hiyo. Niliporudi jioni kutoka kibandani, nilisikia harufu tangu mlangoni, harufu ya majani mabichi yaliyochomwa. Mama alikuwa ameketi sebuleni, kisu cha jikoni kiko kwenye sinia karibu naye, na uso wake ulikuwa umetulia kuliko nilivyouona tangu afike. Nikatazama dirishani. Ule mti wenye gunia ulikuwa mtupu kuanzia katikati hadi juu. Jani jeupe hata moja halikuwapo, wala la michirizi, wala la nusu kwa nusu. Yalibaki ya chini, yale ya kijani, na juu ya udongo kwenye ndoo alikuwa amenyunyiza majivu.

"Nimekutibia," alisema. "Hii mti ilikuwa na batobato. Majani ya juu yote yalishaharibika. Nimeyakata, nimeyachoma jikoni. Sasa itapona."

Kwa mtu asiyelima muhogo lazima nieleze. Batobato huanza na mabaka ya rangi hafifu kwenye jani, kijani kinakimbia, jani linakunjamana, na chini ya ardhi hakuna kitu cha kula. Guta wanalijua kama wanavyojua njaa. Bwana shamba aliwafundisha kwamba ukiona jani lenye mabaka usilionee huruma: ng'oa mche wote na mizizi yake, choma, nenda kwenye mwingine. Walioona huruma waliacha miche yao, ugonjwa ukala kijiji. Mama mkwe wangu hakuwa na huruma. Enzi hizo macho yake yakiwa bado mazima, alilimaliza shamba lake zima kwa mikono yake, akala kwa majirani mpaka msimu mwingine, na ndiye aliyekuja kuwapa wengine mbegu safi. Sasa amepewa macho, ametazama ndani ya nyumba ya mkwewe, na ameona mabaka. Angefanya nini kingine? Kidogo lilinishangaza kwamba aliliacha shina, lakini nilidhani nguvu zilimwishia.

Nilimwambia ahsante, mama. Nikaingia bafuni, nikafungua bomba lililie badala yangu, lakini nililia vilevile. Nilikuwa na hasira ambayo sikuwahi kuwa nayo kwa mtu mzima yeyote. Nilitaka kutoka na kumwambia huo mti ulikuwa wa nani. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, na najijua, nikifungua mdomo nikiwa vile sichagui. Kilichonizuia ni ile picha ukutani. Mama alikuwa tayari anajiona kipofu aliyemsifu mwanawe unene wakati anakufa. Nikimwambia kwamba kazi ya kwanza ya macho yake mapya ilikuwa kukata na kuchoma kitu cha mwisho cha mwanawe kilichokuwa hai, atakipeleka wapi hicho? Nilinawa uso. Alikuwa amekaanga sato, akaniwekea kichwa, nikala.

Mmea ulichipua. Hakuna mmea unaokubali kufa ukiwa na majani ya kijani na mtu wa kuumwagilia, na mama aliumwagilia kwa bidii ya mtu wa shambani. Chipukizi la kwanza lilipofunguka aliniita nije nione. Lilikuwa kijani tupu, linang'aa, bila doa. Lililofuata vilevile, na lililofuata likawa kubwa zaidi. Ulikuwa unakua kwa kasi ambayo hatukuijua wakati wa mume wangu. Mama akawaita majirani wauone. Akaanza kuimba nyimbo za kanisani akifagia. Akala. Kila jani jipya alilihesabu kama faida, na jioni nikirudi habari ya kwanza ilikuwa hiyo, kabla hata sijavua viatu.

Nami kila jani jipya liliniumiza. Nilikuwa nikiinama chini ya yale majani, nikijifanya nafuta vumbi, nautafuta mchirizi kwenye shina. Ulikuwapo. Chini ya pingili ambapo tawi la kijani lilianzia, upande mmoja wa shina, palikuwa na mstari mweupe, mwembamba kama ulioandikwa kwa chaki iliyochongwa. Nikikata pale, juu yake kidogo, lile jicho la pembeni lingeweza kuamka na kutoa jani lenye weupe. Si lazima, lakini lingeweza. Nisipokata, kijani kingeendelea kuvuta nguvu zote, mstari ungefifia, na mmea wa mume wangu ungekuwa mmea wowote. Ningesubiri mama aondoke, ila madaktari walitaka awe karibu kwa miezi kadhaa, na mwenyewe hakuwa na haraka ya kurudi. Na kila nilipoinama, mstari ulikuwa umepungua, au hofu ndiyo iliyoniambia hivyo.

Kukata kulimaanisha kuchukua kitu ambacho mama amekiponya na kukifyeka mbele ya macho yake. Asubuhi moja nilisimama pale na mkasi, akatokea mlangoni, nikajifanya nakata uzi kwenye pazia. Pazia lenyewe halikuwa na uzi wowote. Aliutazama mkasi, akatazama pazia, akaniuliza kama nataka chai.

Nilikumbuka kwamba mume wangu aliwahi kumpa kipande rafiki yake mmoja wa Butiama, mwalimu, waliyesoma naye. Nikapata nafuu ghafla. Kama kipande kile kipo, kina weupe wake, nitaomba tawi moja, nitalipanda kibandani kwangu, na huu wa nyumbani mama aendelee kuufurahia. Kila mtu atakuwa na wake. Nilifunga kibanda siku ya kazi, nikamwambia mama naenda kuwasalimia watu wa kwetu, na hilo halikuwa uongo kabisa kwa kuwa Butiama ni kwetu.

Mwalimu alinipokea vizuri. Alinipa pole upya, tukanywa chai ya maziwa na viazi vitamu, na kila nilipotaka kuuliza alianza habari nyingine ya ujana wao. Mwisho niliuliza. Akamtazama mke wake. Mke akatazama nje. Ndipo akaniambia kwamba ndani ya nyumba waliona giza, wakautoa barazani upate hewa, jua likayachoma yale meupe yakawa kama karatasi, na siku waliyokuwa wanajiandaa kuurudisha ndani mbuzi walifunguka. Mbuzi mmoja alitokwa na povu mdomoni mchana kutwa, wakadhani atakufa. Alipona. Ndoo ilikuwa bado pale barazani, imepandwa vitunguu vya majani. Mwalimu alikuwa na aibu kiasi kwamba ikabidi mimi nimbembeleze yeye. Alinifungia mkungu mdogo wa ndizi niende nao, na alinisindikiza mpaka barabarani akirudia kwamba mbuzi yule walikwisha kumuuza.

Nilirudi Musoma na ndizi mapajani, na nilikuwa nimeishiwa njia. Hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote kwangu, kuliko hasira. Niliwaza njia nzima. Mume wangu hakuacha barua wala maneno makubwa. Aliacha koti, baiskeli, viatu, na weupe kwenye majani, na hivyo vitatu vya kwanza vilishagawanywa. Na upande mwingine yuko mwanamke mzee ambaye ameanza tena kuimba. Nilijaribu kumfikiria mume wangu angechagua nini, nikagundua sijui. Hilo nalo likanitisha, kwamba nimeanza kutomjua.

Kesho yake mchana nilirudi mapema kutoka kibandani. Nilichukua mkasi wangu wa vitambaa, ule ambao hakuna anayeruhusiwa kuugusa, nikaufuta kwa spiriti kama alivyokuwa akifanya mume wangu. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango, ungo mapajani, anachambua mchele. Sikumficha. Nilipiga magoti kando ya ndoo, nikatenga majani, nikaupata mstari. Ulikuwapo, mfupi kuliko nilivyoukumbuka.

"Unataka kukata nini?" aliniuliza.

"Mama," nikasema, "huu mti ulikuwa wa mwanao."

Aliendelea kuchambua. Alitoa jiwe, akalitupa nje, akatoa jingine.

"Najua," alisema.

Niligeuka kumtazama.

"Alikuwaga ananipigia simu," alisema. "Nikimuuliza ugonjwa, ananihadithia mti. Leo imetoa jani, leo imeshika gunia. Kila siku mti. Nilipopata macho nikaiona hapo dirishani, nikajua ndiyo hii." Aliutikisa ungo. "Ingekuwa ya kwako ningeng'oa na mizizi, nichome yote. Ndivyo inatakiwa. Ya kwake nilishindwa. Nikasema acha nitoe yale yanayoumwa, nimtibie mwanangu hata kitu kimoja."

Nilikaa chini sakafuni. Wiki zote zile nilikuwa namkinga na jambo alilolijua kabla yangu. Hasira niliyoimeza pamoja na kichwa cha sato sikuwa na pa kuitua tena. Nilimhurumia, nikajihurumia, na nilimwonea wivu pia, lazima niseme, kwa zile simu zote.

Nikamweleza. Nilimwambia haukuwa ugonjwa, kwamba mmea umezaliwa hivyo, na kwamba watu wanautafuta kwa sababu ya hayo mabaka. Nilimwambia majani ya kijani ndiyo yanayopika, meupe hayapiki. Alisikiliza mkono ukiwa umesimama juu ya ungo.

"Kwa hiyo hayo meupe hayafanyi kazi," alisema.

"Hayafanyi."

"Yanakula tu."

"Yanakula tu, mama. Na ndiyo aliyokuwa anayapenda."

Alichota mchele kiganjani, akaurudisha kwenye ungo. Nje mtu alipita na bodaboda akipiga honi kwa mtu, kisha pakatulia.

"Mwaka ule alikuwa na aibu," alisema. "Aliniambiaga, mama, nakula tu hapa ndani, mke wangu ndiye anafanya kazi. Akasema ameniolea mke ambaye hajawahi kumsema. Hata siku moja."

Hakuwahi kuniambia hayo. Mimi nilikuwa nikimletea chakula mchana, naondoka mbio kurudi kwenye cherehani, nikidhani anayetazamwa pale dirishani ni mke mwenza. Mkasi ulikuwa mkononi, nikauegemeza kwenye ukingo wa ndoo.

"Basi kata," mama alisema. "Lakini mimi siwezi kutazama mti mzima ikikatwa. Mimi ni mkulima."

Akauweka ungo chini. Akashika pindo la khanga yake kwa mikono miwili, akalipandisha, akajifunika macho.

Nilifungua mkasi. Nikaupeleka juu ya ule mstari, nikautoa, nikaurudisha. Jani la kijani la mwisho, lile aliloniitia juzi, lilikuwa limegusa shavu langu.

"Umemaliza?" aliuliza kutoka ndani ya khanga.

Nikamwambia bado kidogo. Nilikuwa sijaanza.